Wanawake walianza lini mbio za makasia za Olimpiki?

Kasia_Moja: Wakuu, mbio za makasia zilichezwa Olimpiki kuanzia Paris 1900. Wanawake waliingia lini? Na ni kweli walipewa umbali mfupi?

Nahodha: Montreal 1976, mkuu. Walipewa mita 1000, nusu ya wanaume. Umbali huo uliwabeba wenye nguvu za kuondokea: mashua imesimama, unaitoa kwa mapigo mafupi ya haraka, na mbio zinakwisha mapema. Mita 2000 walizipata kwenye ubingwa wa dunia 1985, kisha Olimpiki ya Seoul 1988. Walicheleweshwa bila sababu, kwa maoni yangu.

Mkondo: Athens 1896 makasia yalikuwemo kwenye ratiba, ila bahari ilichafuka yakafutwa. Los Angeles 2028 ni mita 1500 kwa wote, maana Long Beach, patakapofanyika mbio, hapatoshi 2000.