Nimepulizia mafuta ya karafuu, ndago zimeota tena. Nakosea wapi?

JembeButu: Wakuu, sitaki sumu za magugu kwenye bustani, watoto wanacheza humo. Nikachanganya mafuta ya karafuu na maji, nikapulizia asubuhi. Kufika jioni majani yamenyauka kama yamemwagiwa maji ya moto, nikashangilia. Wiki mbili tu, ndago hizo zimerudi kijani kuliko mwanzo. Mche wangu wa nyanya wa pembeni ndio haukurudi. Msaada.

TutaLaTatu: Pole mkuu. Umempiga adui mahali pasipouma. Yujenoli iliyomo kwenye karafuu hupasua utando wa seli za jani, maji yanavuja, jani linakauka. Basi, inaishia pale ilipogusa, haishuki mizizini. Ndago ina viazi vyake ardhini, inachipua upya. Jaribu kwenye magugu machanga ya majani mapana, yakiwa na majani mawili hadi manne, siku ya jua kali, ukilowesha jani zima. Hapo utaniambia.

Kwekwe: Sabuni uliweka?

JembeButu: Sabuni ya nini tena?

Kwekwe: Ndiyo hiyo! Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, yanazama, na bomba linavuta kutoka chini. Ulianza na mafuta matupu, ukamalizia na maji matupu. Weka sabuni ya maji kidogo, tikisa kila mara. Mafuta yawe kama asilimia 5 hadi 10, chini ya hapo unayapaka magugu manukato.

JembeButu: Duh. Nyanya ndiyo niliyoanza nayo.

MamaShamba: Na hata ukichanganya vizuri, hayachagui gugu na nyanya. Halafu hili neno "asili" lisikulaze, mwanangu. Yujenoli inawasha ngozi na macho. Vaa glavu na miwani, watoto wakae mbali hadi pakauke. Mbona hata mesotrioni, sumu ya magugu ya dukani, chimbuko lake ni mmea? Mwaka 1977 huko California mtafiti aliona magugu hayaoti vizuri chini ya kichaka cha mapambo, kalistemoni, wakaanzia hapo.

TutaLaTatu: Kwa ndago, subiri udongo ulowe, chimbua kwa uma wa bustani, utoe na viazi vyote. Jembe lisitumike, linakata mnyororo wa viazi na kuvisambaza. Zikichipua, chimbua tena. Karafuu ipeleke kwenye nyufa za njia.

JembeButu: Nimechimbua leo, nusu ndoo ya viazi kwenye tuta moja! Matuta manne yamebaki.

Kwekwe: Usivitupe kwenye mboji.