Watafiti wa Mtwara na Lindi, saitesheni zinawatendeaje? Tupeane uzoefu

Kusini Kuchele:
Wakuu, msimu wa kupandishwa vyeo umefika na wimbo ni uleule: una saitesheni ngapi (yaani makala zako zimerejewa mara ngapi na watafiti wengine), h yako ngapi? Kwa wasioijua h, ni kipimo cha uzito wa mtafiti, aliileta mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiwa na makala 8 ambazo kila moja imerejewa na wenzako walau mara 8, na hujafikisha 9 zenye 9, basi h yako ni 8.

Mimi ni mtu wa korosho. Nimeandika sana juu ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua. Tunaosomana kwenye fani hii tunajuana karibu wote. Mkulima wa Tandahimba anayepuliza salfa kwa wakati hajui hata jina langu, na hakuna hifadhidata inayohesabu magunia yake. Jamaa tuliyesoma naye yuko kwenye malaria, dunia nzima inamsoma. Hirsch mwenyewe alisema kwamba h za watu wa biolojia huwa juu kuliko za wanafizikia, kwa hiyo fani hazilingani. Kamati yetu inatupanga foleni moja.

Nyie wenzangu vipi?

Bibi Afya:
Niko afya ya jamii. Nilipopeleka makala yangu ya kwanza kuhusu homa, mhakiki wa huko Ulaya alinitaka niwataje Robinson na Lumsden. Nilicheka peke yangu, maana mimi ni wa Newala! Hao ndio walioandika mwaka 1955 juu ya mlipuko wa chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, uliotokea Uwanda wa Makonde, kwetu Newala, 1952–53. Ugonjwa ukatulia, na wasomaji nao wakapungua. Mwaka 2005–2006 ukazuka kisiwa cha Réunion, ukawapata kama theluthi ya wakazi, na watafiti wakaanza kuzifukua makala za Newala. Nusu karne baadaye! Niambieni ni kamati gani ya vyeo ingemsubiri mtu muda huo.

Mzee wa Magofu:
Sisi wa historia na akiolojia tunaandika vitabu. Faharasa ya marejeo ya Mmarekani Eugene Garfield ya mwaka 1964, iliyoanza kuhesabu nani kamrejea nani, ilijengwa juu ya majarida ya sayansi, na athari yake ipo hadi leo. Kitabu changu cha Kilwa ni cha Kiswahili, mashine haikioni kabisa. Wanafunzi wanakitoa fotokopi hadi kurasa zimefifia.

Binti Nachingwea:
Langu ni kichekesho. Nafundisha hisabati, ambako makala ikirejewa mara kumi unatembea kifua mbele. Sasa jina langu na la baba yangu yamejaa pwani nzima. Siku moja nafungua wasifu wangu wa Google Scholar, huduma ya Google inayokusanya makala za kitaaluma, nakuta nimeandika juu ya figo, na nyingine ya samaki wa maji baridi! Saitesheni zimeruka kama bei ya mnadani. Mkuu wa idara akanipongeza kikaoni kabla sijafungua mdomo. Nilizifuta zote jioni ile, nikabaki na vijisenti vyangu. Pongezi hazikurudi.

Dawa yake ni ORCID, ipo tangu 2012. Unapewa namba ya tarakimu 16, ni yako peke yako, unaiweka kwenye kila makala.

Kusini Kuchele:
Hahaa, daktari wa figo! Na yale majarida ya kutuma hela, wiki moja umeshachapishwa?

Bibi Afya:
Usithubutu mdogo wangu. Kuna mwenzetu alilipa, baada ya muda tovuti ikazimwa. Makala haipatikani popote, na kuipeleka kwingine hawezi kwa sababu alishasaini kuwapa hakimiliki.

Kusini Kuchele:
Duh. Na hiyo ORCID wanalipisha?

Binti Nachingwea:
Bure kabisa, kaka, barua pepe tu. Ila zihakiki makala mwenyewe moja moja, usiiachie mashine ikuchagulie.