MREJESHO: Baba aliyekanyaga msumari zizini

Wakuu, niliuliza hapa kuhusu baba: kakanyaga msumari zizini, siku mbili zimepita, jirani anashauri tupake majivu. Asanteni sana mlionisisitiza tuoshe kwa maji mengi na sabuni, majivu tuachane nayo, na twende kwenye sindano ya pepopunda hata kama tumechelewa.

Zahanati ya kwanza chanjo iliisha, tukaipata kesho yake kituo cha afya. Kidonda kilishatunga usaha, ikabidi kifunguliwe na kusafishwa. Mzee aliumia mno.

Leo wiki ya tano, taya halijakaza (ile dalili ya pepopunda), anatembea. Sindano ya pili kachoma juzi, ya tatu baada ya miezi 6. Kumbe tatizo si kutu, ni vijidudu vya kwenye udongo na samadi. Nimemnunulia gambuti.