Tupeane uzoefu: maji, majitaka, taka na mitaro. Ulipokwama, nani alikubali kuwa ni kazi yake?

Mwenye Geti
Wakuu, salaam. Hii ni wiki ya tatu bomba limepasuka nje ya geti langu, upande wa barabarani. Maji yanabubujika chini ya lami usiku na mchana, lami yenyewe imeshatitia, na jirani kachomeka tawi la mti kwenye shimo ili magari yasitumbukie. Nimekwenda ofisi ya maji, wakasema barabara ni ya halmashauri, hawawezi kuchimba bila kibali. Nikaenda halmashauri, wakasema lami ni yetu lakini kilicho chini yake waulize watu wa maji. Nimerudi nyumbani na karatasi mbili zenye mihuri. Bili ya mwezi, hiyo haikupotea njia, imefika kwa tarehe yake.

Sitaki uzi wa kulaani serikali, hizo nyuzi zimejaa. Naomba kila mtu atoe kisa kilichomkuta mwenyewe na ilikuwaje mpaka ofisi fulani ikakubali mzigo. Kama hadi leo haijakubali, sema hivyo hivyo.

Bi Koki
Pole mkuu. Kabla ya yote, limepasuka kabla ya mita au baada ya mita? Sehemu nyingi mita ndiyo mpaka: kinachovuja kabla yake ni cha mamlaka ya maji, kinachovuja baada yake ni chako, hata kama hukijui.

Mimi nilikuwa sikijui. Bili ilipanda karibu mara nne, nikaenda ofisini nimejifunga kibwebwe. Kijana wa dirishani akanisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akaniambia, "Mama, nenda kafunge koki zote, kisha ukaangalie kile kinyota kwenye mita." Nilirudi nimekasirika. Nikafunga koki zote, nikainama kwenye kile kishimo cha mita na tochi ya simu, na kinyota kinazunguka taratibu, hakina haraka, maana yake maji bado yanapita.

Bomba la ndani halikuwa na shida. Ilikuwa tangi la choo: floti haifungi sawasawa, maji yanateleza kwenye bakuli bila hata sauti. Fundi alitia rangi ya chakula kwenye tangi, tukakaa kama robo saa bila kuflashi, rangi ikajitokeza bakulini yenyewe. Kwa hiyo hapo serikali sina la kuidai. Niliona haya, ndiyo maana naandika huku.

Mwenye Geti
Ni kabla ya mita, dada. Mita yangu iko ndani ya ukuta.

Bi Koki
Basi ni lao. Usikubali wakutume kwa fundi.

Msoma Mita Mstaafu
Nimekaa kimya humu miaka, leo niseme. Nimesoma mita muda mrefu. Nyumba ina geti limefungwa, au mbwa hataki mazoea, unafanyaje? Unakadiria. Unachukua wastani wa miezi iliyopita unaandika. Mwezi unaofuata vivyo hivyo. Siku mita ikija kusomwa kweli, tofauti yote inamwangukia mteja kwa mpigo mmoja, na kwa kuwa bei ya uniti inapanda kwa ngazi kadiri unavyotumia zaidi, zile uniti zilizolimbikizwa zinalipiwa kwa bei ya ngazi ya juu. Mteja anaona ameibiwa, na mahesabu ya kompyuta yanaonyesha hakuna kosa. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Kwa hiyo: piga picha ya mita yako tarehe ileile kila mwezi, namba ya mita ionekane. Bili ikija, usianze na jumla ya pesa, anza na usomaji uliopita na usomaji wa sasa. Kama kuna alama ya makadirio, andika barua mwezi huohuo, usisubiri ipite mitatu.

Na jamani, tarakimu nyekundu. Kwenye mita nyingi tarakimu nyeusi ndizo mita za ujazo, yaani uniti, na kila uniti ni lita 1,000. Nyekundu ni vipande vya uniti. Kuna mteja alijisomea akatuma namba zote, nyeusi na nyekundu kwa pamoja. Mfumo ulimpokea kama anamiliki bwawa la kuogelea. Ilichukua miezi miwili kulifuta deni hilo, na aliyelifuta alitaka kwanza mteja alipe nusu.

Chumba cha Nne
Mzee, asante kwa ukweli, ila kuna hili la ngazi hujalimaliza. Sisi tuko wapangaji sita, mita moja. Hizo ngazi ziliwekwa eti anayetumia kidogo alipe kidogo. Sasa kaya sita zikichota kwenye mita moja, kwenye kompyuta tunaonekana mtu mmoja mwenye kiu ya ajabu, na karibu maji yetu yote yanaangukia ngazi ya juu. Mwenye nyumba yake peke yake, ana bustani, uniti moja anainunua kwa bei nafuu kuliko sisi.

Tuliandika barua. Jibu: kila mpangaji aombe maunganisho yake. Gharama? Juu ya mpangaji. Ruhusa ya kuchimba? Ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba akatuwekea vimita vidogo vya ndani, vizuri sana, vimemaliza ugomvi wa nani anafua kila siku. Lakini bei ni ileile, kwa sababu mamlaka inaitambua ile mita moja ya nje tu. Ofisi haijakubali hadi leo.

Mgao
Mimi fupi tu. Maji yakikatika siku tatu yakarudi, kabla tone halijatoka koki inakohoa na mita inazunguka kama feni. Ile ni hewa. Mita za kawaida za mitambo hazijui tofauti ya hewa na maji. Nalipia upepo.

Msoma Mita Mstaafu
Ni kweli, na kuitoa hewa kwenye bomba kubwa ni kazi ya mamlaka, kuna valvu zake. Tulikuwa tunakana. Samahani.

Chemba
Yangu ni ya majitaka. Kwenye bili kulikuwa na mstari wa huduma ya majitaka, asilimia fulani ya maji niliyotumia. Nikalipa miaka. Siku shimo langu la choo limejaa, nimesimama namlipa mwenye gari la kunyonya, ndipo akili ikanijia: kama nimeunganishwa na bomba la majitaka, hili shimo ni la nini?

Ofisini wakasema ramani inaonyesha bomba linapita mtaani kwangu. Linapita, ndiyo, lakini mimi sijaungwa. Nani athibitishe? Mimi. Nikang'ang'ania mpaka wakaja vijana wawili na chupa ya rangi ya kijani. Mmoja akamimina chooni kwangu na kuvuta maji, mwenzake amefungua mfuniko wa chemba barabarani kachuchumaa. Tukasubiri. Watoto wa mtaa wote wamekusanyika kuangalia, unajua tena. Yakapita maji ya jirani, yakapita mapovu ya sabuni, kijani hakikupita.

Mstari ukafutwa. Zile za nyuma hawakunirudishia pesa mkononi, walizigeuza kuwa salio la bili zijazo, na si miaka yote. Nilikubali kwa kuchoka, sikuridhika.

Msomaji wa Sheria
Najua kwenye mada hii hawakosekani wa kusema maji yawe bure, kwa hiyo tuweke sawa. Azimio la Umoja wa Mataifa la 28 Julai 2010 lilitambua maji safi na usafi kuwa haki ya binadamu. Haki hiyo maana yake bei isimshinde mtu, haina maana ya bure. Shirika la Afya Duniani linataja lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku. Kokotoeni: watu watano, lita 50 kila mmoja, mwezi mzima ni uniti saba na nusu. Sasa angalia ngazi yako ya chini inaishia wapi. Ikiishia kwenye uniti tano, basi familia hiyo imeshaadhibiwa kabla haijafikia hata kiwango cha chini cha kuishi. Hiyo ndiyo hoja ya kumpelekea mdhibiti wa bei za maji, kelele hazimshtui.

Na kwamba nani alipe si sheria ya asili, ni uamuzi wa kisiasa. Ireland huduma ya maji ilikuwa inagharamiwa na kodi kupitia halmashauri. Mwaka 2014 ikaanza kutoza kaya, watu wakajaa barabarani, 2016 tozo zikasimamishwa, na waliokuwa wamelipa wakarudishiwa. Paris nayo mwaka 2010 iliyarudisha maji mikononi mwa jiji kutoka kwa kampuni binafsi.

Chumba cha Nne
Wakarudishiwa! Nimesoma mara mbili.

Mtu wa Mtaro
Huku kwetu mtaro uliziba, tukaripoti, tukachoka, Jumamosi moja tukazoa wenyewe na majembe. Tope lote tukaliweka kando ya mtaro tukijua gari la taka litalipitia. Gari likaja, likachukua mifuko ya taka za nyumbani, likaondoka. Dereva akasema mkataba wake ni taka ngumu za kaya, tope si lake. Mzabuni wa mitaro akasema mkataba wake ni kuzibua, na mtaro umeshazibuliwa. Ikanyesha, tope likarudi mtaroni lilikotoka.

Tulichojifunza ni kuacha kuongea na wazabuni. Halmashauri ikimpa mtu kazi, wajibu unabaki kwa halmashauri yenyewe. Tulipeleka barua moja kwa mhandisi na nakala kwa diwani na ofisa mazingira, majina ya ofisi zote tatu yakionekana juu ili kila mmoja ajue mwenzake anayo. Lori lilikuja siku ya sita.

Mwenye Geti
Wakuu, mrejesho. Nimefanya kama Mtu wa Mtaro: barua moja, ofisi mbili juu, picha ya shimo, picha ya mita ikionyesha uvujaji uko nje, na nakala za zile karatasi mbili zenye mihuri nimezibana pamoja ili wasome walivyonijibu. Juzi asubuhi walikuja wote siku moja, magari mawili, wakasalimiana kama watu wasiojuana. Kibali kiliandikwa juu ya boneti. Kufikia saa nane uvujaji ulikuwa umezibwa.

Shimo wamefukia kwa udongo. Lami, wanasema, ni fungu lingine. Jana usiku mvua imenyesha, udongo umeshuka, na asubuhi nimelirudisha lile tawi.