Mauaji yenye majini ndani yake: ni upelelezi, au ni kumchezea msomaji?

Chumvi ya Mawe
Wadau, nimemaliza The Tainted Cup ya Robert Jackson Bennett, ile riwaya iliyochukua tuzo ya Hugo 2025, tuzo ya hadithi za kisayansi na za ajabu. Ofisa wa dola amekutwa amekufa kwenye nyumba ya matajiri, mti umechipuka kutoka mwilini mwake. Mpelelezi ni mama mmoja anayejifunga kitambaa machoni, na kijana wake wa kazi hasahau chochote alichokiona. Nimekesha nacho. Mchanganyiko huu wa upelelezi na maajabu unanoga kwa sababu gani? Na waandishi wetu wanauogopea nini, wakati majini hatujawahi kupungukiwa?

Babu Kiko
Haunogi. Upelelezi ni mapatano: mwandishi anakupa dalili, nawe unashindana naye. Padri Ronald Knox, mwandishi wa Kiingereza, aliandika kanuni kumi za hadithi za upelelezi mwaka 1929, ya pili inapiga marufuku mizimu na miujiza. Jini anapita ukutani. Sasa mlango uliofungwa kwa ndani una kazi gani? Nimemsoma Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla wa Unguja, tangu niko shule ya msingi, mambo yake yote yanafumbuliwa kwa akili.

Chumvi ya Mawe
Jini mwenye masharti hapiti ukutani ovyo, mzee wangu. Bennett anakwambia ule mmea unamuua vipi mtu, na hatoki nje ya aliyokwambia. Ukishazijua sheria za dunia yake unaanza kuhesabu nani alikuwa wapi, saa ngapi. Mapatano yako yamo, ila yameandikwa upya.

Bint Mkunazini
Babu Kiko, umemtaja Bwana Msa halafu ukamvua nguo. Kitabu chake cha kwanza kinaitwa Mzimu wa Watu wa Kale! Maiti imekutwa mzimuni, pale pa kutambikia. Uondoe huo mzimu, hadithi inabaki na nini? Na kile kitabu cha Kisima cha Giningi jee? Mtoto wa Unguja akilisikia neno Giningi usiku haendi uani peke yake, maana ndiko wanakokutania wachawi. Muhammed Said Abdulla aliijua khofu hiyo, akaishika mkononi, ndipo akamleta mtu wake na mantiki yake. Utamu uko hapo, kwenye ule muda ambao hata wewe msomaji umeanza kuamini.

Ngosha wa Ziwani
Tusijisifie nakala. Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyeshushwa bandarini Unguja: kiko mdomoni, rafiki wa kuambatana naye anaitwa Najum. Tena kitabu chenyewe ni cha 1957, Waingereza wangalipo.

Bint Mkunazini
1957 na 1958 ni mashindano ya uandishi, na aliyashinda. Kitabu kimetoka 1960. Ukitaka kumdharau mtu mzima, kwanza soma jalada.

Ngosha wa Ziwani
Hujajibu habari ya kiko.

Bint Mkunazini
Kiko! Wazee wangapi wa pwani walivuta kiko kabla hujazaliwa? Holmes angeifumbua vipi kesi inayosimama juu ya ukoo, mirathi na nani alimuoa nani? Asingelijua hata pa kukaa barazani.

Mswahili Mtupu
Ninyi mnagombania moshi. Mbona hakuna aliyemtaja Shaaban Robert? Adili na Nduguze, 1952. Liwali mwema kuliko wote anawapiga manyani wawili kila usiku. Ikibali, mjumbe wa mfalme, anachungulia, anaona, anapeleka habari kwa mfalme. Manyani wale ni nani? Kosa lao nini? Mwisho unakuta ndugu waliomtosa ndugu yao baharini, na jini ndiye aliyetoa hukumu. Huo si upelelezi?

Babu Kiko
Hiyo ni hekaya. Adili anasimulia mwenyewe, hakuna aliyekusanya dalili.

Ngosha wa Ziwani
Na asili yake Elfu Lela u Lela. Nakala tena. Mimi nasema mambo ya mizimu na wachawi tuyaachie vijijini, yametuchelewesha vya kutosha.

Mama Kulwa
Vijijini unakokusema ndiko alikouliwa bibi mzaa mama. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, miaka hamsini anapikia familia. Ng'ombe wa watu wakafa, macho yakawa ushahidi wa uchawi. Kwa hiyo mkinambia riwaya ambayo mchawi ndiye muuaji "inanoga", mimi sinogewi. Msomaji wa Uingereza akifunga kitabu uchawi umeisha. Huku kwetu anafunga kitabu anatoka nje na panga.

Chumvi ya Mawe
Pole sana mama. Lakini walioenda na panga hawakutumwa na riwaya.

Mama Kulwa
Sikusema walitumwa. Nimesema usinifundishe utamu.

Bint Mkunazini
Mama Kulwa, shikamoo. Ndiyo maana namtetea Bwana Msa na kiko chake. Watu wakishasema "mizimu", kila mtu anarudi kwake kulala. Yeye harudi.

Mwana wa Kaya
Mimi niko Kilifi na nimewasoma tangu juu. Huku wazee wanauawa kwa jina la uchawi, na ukifuatilia unakuta shamba. Babu yetu mdogo alikuwa na ekari nne zenye minazi. Alianza kuitwa mchawi mwaka uleule alipokataa kuzigawa. Kabla ya hapo alikuwa akiitwa kusuluhisha watu. Mwandishi akiniletea kijiji ambacho uchawi upo kweli, na mganga anao, na bado aliyeua ameua kwa sababu ya minazi, hiyo nitainunua leo.

Babu Kiko
Ndugu yangu, pole. Hiyo hata mimi nitaisoma, na majini yake. Kesi iliishia wapi?

Mwana wa Kaya
Iliishia kwenye maandishi. Usiku ule alipouawa babu alikuwa amelala na mjukuu wake wa miaka kumi na moja, aliyetambua sauti. Hakuna aliyemuuliza.