Mafunzo ya kuhudumia samaki wa majaribio: sehemu ya vitendo iwe na nini?

TangiLaNne
Habari zenu wenzangu. Tunapokea wasaidizi wapya wa maabara hapa Mombasa. Kazi yao itakuwa kuwatunza tilapia wa utafiti, kuwapima uzito, kuwatoa damu na mwishowe kuwaua. Kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) vipo, na somo la kanuni tatu za Russell na Burch za 1959 (kuepuka wanyama, kupunguza idadi, kupunguza maumivu) lipo. Tunachokosa ni vitendo. MS-222, dawa ya kuwalaza samaki, bei yake ni kali, je, mafuta ya karafuu yatafaa badala yake? Na mtu aachiwe kazi peke yake lini?

Majibaridi
Anzeni na maji kabla ya samaki. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kwa hivyo pH (kipimo cha asidi ya maji; ikiwa juu asidi ni kidogo) mara nyingi iko juu. Kwa nyuzi 30, pH ikiwa 7, sehemu ya amonia (taka ya samaki) iliyo sumu kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote. pH ikiwa 8 ni kama asilimia 7. Msaidizi anayeandika amonia bila kuandika pH na joto hajaandika kitu. Maji ya mfereji yatolewe klorini kwanza kwa sodiamu thiosalfeti.

Kisha mfanye zoezi la stima kupotea. Maji ya nyuzi 30 hata yakijaa hewa hubeba oksijeni kama miligramu 7.5 tu kwa lita, na tangi lililosongamana huimaliza upesi. Kila mtu ajue pampu ya betri iko wapi, na kwamba chakula kinasimama hadi stima irudi.

Karafuu_Pemba
Yanafaa, ila hayachanganyiki na maji. Changanya sehemu 1 ya mafuta na sehemu 9 za ethanoli, kisha tia mililita 0.5 kwa kila lita ya maji: utapata karibu miligramu 50 kwa lita. Ndoo ya lita 10 inataka mililita 5. Ile spiriti ya kuwashia stovu msiiguse, ina sumu yake.

Tatizo la mafuta ya madukani ni kwamba mengine yamechanganywa. Kila chupa mpya ijaribiwe kwa samaki wawili watatu kabla ya kazi. Samaki akilala vizuri hupinduka, hashtuki ukimbana shina la mkia, lakini mashavu bado yanapiga. Mashavu yakisimama, mhamishe kwenye maji safi yenye hewa na umsukume kwenda mbele, mdomo ukiwa wazi kidogo. Ukimvuta kinyumenyume maji hayapiti kwenye matamvua ipasavyo. Mkitumia MS-222 kwenye maji yasiyo ya chumvi, isawazisheni kwa sodiamu baikaboneti maana ina asidi. Na samaki hao wasiende jikoni kwa mtu.

Mkaguzi_wa_Matangi
Cheti cha kuhudhuria si ruhusa. Muwe na fomu yenye kila kazi kivyake: kushika, kupima, kulaza, kutoa damu, kuua. Anayesaini awe amemtazama mtu akiifanya mwenyewe. Tazameni mikono imeloweshwa, wavu hauna mafundo (mafundo yanakwangua ute, na fangasi huingia hapo), na samaki hakai nje ya maji zaidi ya nusu dakika. Kutoa damu kufundishwe kwanza kwa samaki waliokwisha kufa.

TangiLaNne
Shukran sana. Kuuawa je? Kuna mwenzetu anapendekeza ndoo ya barafu.

Mkaguzi_wa_Matangi
Kwa tilapia wakubwa, hapana. Mwili mkubwa hupoa polepole, na samaki huacha kupapatika kabla hajapoteza fahamu, ndiyo maana watu hudhani amekufa. Wazidishieni dawa ya usingizi, muwaache humo angalau dakika 10 baada ya mashavu kusimama, kisha ubongo uharibiwe kabla ya kutupwa. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa jioni watu wakiwa na haraka. Iwekeni kwenye fomu, na sahihi yake iwe peke yake.