Tairi la nyuma la Boxer: kashata, la lami au mchanganyiko?

mwana_rungwe
Wakuu habari za leo. Boxer BM150 yangu tairi la nyuma limekuwa kipara katikati, la mbele bado lipo lipo. Saizi 3.00-17, rimu za spoku. Mimi niko Tukuyu mjini ila karibu kila siku lazima niingie vijijini kufuata ndizi, yaani lami nusu rafu rodi nusu, na mvua ya huku mnaijua haiulizi ni mwezi gani. Dukani wamenitolea matatu: la kashata kubwa (yale ya vichwa vikubwa vya mpira), la lami la kampuni ya MRF lenye mistari ya kawaida, na lingine la katikati lina viboksi viboksi wanaliita mchanganyiko. Bei hazijapishana sana kwa hiyo hela siyo ishu, ishu ni lipi halitanimwaga. Halafu muuzaji ananiambia nikishafunga nilipake mafuta ya taa eti utelezi wa tairi jipya uishe haraka, hii imekaaje?

uyole_express
Kashata mzee. Tope la huko halitaki maneno.

dereva_kimara
Hapana bwana usimdanganye mwenzio. Kashata kwenye tope sawa halina mpinzani, lakini ile barabara ya Uyole kwenda Kasumulu ni lami, ina miteremko na malori ya Malawi. Kashata likiwa kwenye lami linalogusa chini ni vile vichwa tu, kwa hiyo mpira unaoshika barabara ni kidogo, na vichwa vyenyewe vinapinda ukiwa kwenye kona, unasikia pikipiki kama inayumba kiunoni. Ikinyesha ndo balaa, breki ya nyuma ukiigusa tu inateleza. Na lami inayala haraka, hasa katikati, ukibeba mzigo ndo kabisa.

uyole_express
Mimi nalitumia na sijafa 😂

dereva_kimara
Wewe unashinda shambani ndugu yangu, mwenzio nusu ya siku yuko lami.

neema_wa_kyela
Kaka mwana_rungwe mimi nyuma nimeweka la mchanganyiko, mbele la lami lenye mistari mirefu. Kwenye tope jepesi linapita, ila udongo ule mzito unaonata viboksi vinajaa linakuwa kama limepakwa samli, hapo unashuka unasukuma hakuna namna. Ila siku hizo kwa mwaka ni chache, lami ni ya kila siku, kwa hiyo mi nimechagua la siku nyingi. Kona za lami linatulia vizuri tu.

fundi_spoku
Habari zenu. Niko gereji Mbeya, nafunga haya matairi kila siku. Naungana na dada Neema, kwa njia zako chukua la mchanganyiko. Ila kabla hujatoa hela usiangalie kashata peke yake, ligeuze usome ubavuni.

Kwanza tarehe. Tafuta tarakimu 4 kwenye kiduara, mfano 1424 maana yake wiki ya 14 mwaka 2024. Tairi lililokaa dukani miaka mingi linakuwa gumu hata kama halijagusa barabara, na mpira mgumu kwenye lami yenye maji haushiki. Kunja kidogo ubavu uone kama kuna nyufa nyembamba.

Pili uzito. Utaona kitu kama 50P, hiyo 50 ni kilo 190 tairi likiwa na upepo wake kamili, P ni spidi mpaka 150. Wewe unabeba ndizi, hiyo namba ya uzito ndo yako, spidi waachie wengine. Ukikuta mawili yanafanana chukua lenye namba kubwa ya uzito.

Mafuta ya taa ACHA. Petroli acha, dizeli acha, na ile dawa ya kung'arisha matairi ndo usiisogeze kabisa. Mafuta yanakula mpira. Tairi jipya linateleza kwa sababu uso wake umetoka kwenye kalibu laini unang'aa, haujakwaruzwa bado, na kinachoukwaruza ni barabara kavu. Watengenezaji wengi wanakuambia kama kilomita 160 za mwanzo uende kwa adabu. Sasa wengi wanaenda wamenyooka tu polepole wanasema nimelifungua tairi, kumbe katikati ndo pamekwaruzika mabegani bado panang'aa, halafu siku ya mvua analaza kona anashangaa yuko chini. Unatakiwa ulaze kidogo kidogo, leo kidogo, kesho zaidi, mpaka ule mng'ao wa pembeni uondoke. Breki za ghafla na kufyatua gia usifanye kipindi hicho. Vile vinywele vya mpira havina maana yoyote, ni njia za hewa za kalibu, vikikatika au visikatike ni sawa tu.

nduthi_ya_kiambu
Sawa wakubwa, salamu kutoka Kenya. Fundi nikuulize, hapa kwa steji wasee wanaweka tairi pana nyuma, 110/90-17 kwa rimu ile ile ya 3.00. Wanasema inashika zaidi na nduthi inakaa poa. Ni ukweli?

fundi_spoku
Inakaa poa kwenye picha. Rimu ni nyembamba, kwa hiyo tairi pana linabanwa linakuwa la duara sana, linagusa barabara pale katikati tu, na kona inakuwa nzito. Wengine linasugua cheni au swing arm (ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma) ukibeba abiria. Baki na saizi ya kiwandani.

mwana_rungwe
Asante sana fundi. Tyublesi vipi, yale yasiyo na tyubu? Nachoka na pancha za miba.

dereva_kimara
Una spoku mkuu, hewa itatokea kwenye matundu ya spoku. Tyublesi inataka rimu ya sporti, ile isiyo na spoku.

fundi_spoku
Ndiyo. Na tyubu nunua mpya pamoja na tairi, ile ya zamani imeshatanuka, ukiiingiza kwenye tairi jipya inajikunja na pale pa mkunjo ndo inapasuka. Kagua ule utepe wa mpira unaofunika vichwa vya spoku, ukiwa umekatika badilisha. Fundi wako atumie maji ya sabuni siyo grisi. Mshale ubavuni uelekee gurudumu linakozunguka kwenda mbele. Akishajaza upepo angalia kile kimstari chembamba karibu na rimu, kizunguke kwa umbali ule ule kote, kikizama sehemu moja tairi halijakaa, atoe upepo apige tena. Nati ya valvu ya upepo usikaze mpaka kwenye rimu, ilegeze iende juu kwenye kifuniko, maana tairi jipya huwa linasogea kidogo na nati ikiwa imekazwa inang'oa shina la tyubu.

Upepo nyuma psi 28 ukiwa peke yako, 32 ukiwa na abiria au mzigo, mbele 25. Pima asubuhi tairi likiwa la baridi. Kesho yake pima tena.

neema_wa_kyela
Na gurudumu la nyuma likishatolewa cheni na breki lazima virekebishwe upya, asiondoke kabla hajavikagua. Alama za pande mbili za ekseli zilingane.

uyole_express
Ila kashata...

mwana_rungwe
😂😂 Haya nachukua mchanganyiko. Nimepiga simu dukani wasome tarakimu, wanasema 0918. Naomba kujua, niliache?

fundi_spoku
Liache hilo. Waambie wakutolee lingine stoo, yasipokuwepo nenda duka la pili.

nduthi_ya_kiambu
Na usikubali wakuambie "mpira hauzeeki" 😄